Ua la Mafiga Matatu

Mafuta ya taa peke yake hayanifanyi kitu. Nimeyanusa nusu ya maisha yangu kwenye kambi za wajenzi wa barabara, ambako nimekuwa nikipika tangu nilipomaliza kidato cha nne, na hayajawahi kunikumbusha zaidi ya jiko linalogoma kuwaka. Lakini juzi nilikuwa Tunduma, kwenye chumba cha kupanga, barabara yetu imefika mwisho na mimi nafunga mizigo tena kama ilivyo desturi yangu. Mwenye nyumba alikuwa anasuuza mashuka meupe uani, beseni limejaa maji ya buluu ya kufulia. Binti yake akaja na kopo la mafuta ya taa kusafishia mnyororo wa baiskeli, akachuchumaa kando ya beseni. Harufu mbili zikakutana, nami nikajikuta nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Dada, unaumwa?" yule binti akauliza.

"Hapana. Nimefika nyumbani."

Akacheka, akadhani namtania.

Mliokulia kwenye nyumba ya mdarizi mtakuwa mmenielewa. Kwetu Msamala, Songea, mama alidarizi mashuka ya maharusi. Kabla sindano haijagusa kitambaa, mchoro ulichorwa kwenye karatasi ngumu, ukatobolewa kwa sindano tundu baada ya tundu, kisha karatasi ikalazwa juu ya shuka na kusuguliwa kwa pamba iliyochovywa kwenye mafuta ya taa yaliyokorogwa na buluu. Ukiinua karatasi unakuta maua ya vitone vya buluu yamelala kwenye weupe, yanasubiri uzi. Nyumba yetu ilinuka hivyo mwaka mzima, isipokuwa Kwaresima, maana Kwaresima hakuna ndoa. Mpaka leo, mtu akiniambia habari za kufunga na kutubu, pua yangu inakumbuka hewa tupu.

Kazi ya kuchora na kutoboa ilikuwa ya mama mdogo Truda. Jina lake kamili ni Edeltruda, kitinda mimba wa bibi, na alikuwa anaishi nasi. Alikaa dirishani kwenye kigoda, karatasi juu ya magoti, sindano ikisema tik, tik, tik, na miguu yake mirefu imezuia mlango kiasi kwamba kila anayepita lazima aiombe radhi. Alikuwa mtu mzima wa aina ambayo watoto huiota: anayejua kuwasha pasi ya mkaa bila kuiunguza nguo, lakini ukimletea chura aliyekauka haulizi umemtoa wapi, anauliza anaitwa nani.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa Zuhura, wa umri wangu, mwenye mwanya na kelele. Asubuhi tulikwenda shule pamoja. Alasiri yeye alikwenda madrasa, akarudi na ubao wake mdogo uliojaa maandishi yanayotoka kulia kwenda kushoto, yamepinda vizuri kama mikia ya mijusi. Niliyaonea wivu maandishi yale kuliko nilivyowahi kuonea wivu kiatu. Mimi nilikuwa na herufi za shuleni tu, zile zile walizonazo watu wote hadi mchoma mahindi. Zuhura alikuwa na mbili.

"Hizi ni za Kiarabu," aliniambia. "Kila lugha ina za kwake. Za Kingoni ziko wapi?"

Swali lile lilinikosesha raha ya chakula cha jioni. Nikamfuata bibi jikoni, akiwa anapepeta mchele. Nikamwamkia upya ili ajue nina jambo zito.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu. Bibi, herufi za Kingoni ziko wapi?"

Bibi akapepeta mara kadhaa, pumba zikaruka. "Mjukuu wangu," akasema, "wazee wetu walikuja kwa miguu kutoka kusini, mbali huko, wanapigana njia nzima. Mkono huu mkuki, mkono huu ngao. Sasa herufi wangezishika kwa mkono gani?"

Mtu mzima angecheka, na nadhani bibi alitaka nicheke. Mimi nilisikia jambo moja tu: kwamba herufi zilikuwepo, na zilidondoka njiani.

Kwa hiyo Jumamosi nikaenda kuziokota. Nilijua upande wa kusini kwa sababu ya milima ya Matogoro, au nilidhani najua, nikashika njia ya mashambani na kikapu cha bibi. Nilitazama chini tu. Na ukitazama chini kwa moyo wako wote, dunia imejaa herufi. Niliona kijiti chenye matawi mawili, ganda la konokono, mbegu yenye mstari katikati, jani lililoliwa na mdudu likabaki mishipa, na kikonyo cha boga kilichojikunja kama sikio. Nikarudi jua linaelekea kuzama, magoti mekundu kwa udongo, nikamwaga kikapu mbele ya miguu ya mama mdogo Truda.

"Mama mdogo, nimeziona!"

"Umeona nini?"

"Herufi zetu. Walizidondosha."

Zuhura alikuwepo, na mwanya wake ulikuwa tayari kwa kicheko. Truda alimtazama mara moja tu, kicheko kikaahirishwa. Kisha akaiweka sindano yake kwenye mkono wa gauni, akashuka kwenye kigoda, akaanza kuvipanga vile vitu kwenye mkeka kimoja kimoja, kwa adabu, kama mtu anayepanga vikombe vya wageni.

"Haya," akasema. "Tuvisome."

Hivyo ndivyo maandishi yetu yalivyozaliwa. Kila umbo likapewa sauti. Kwa kuwa darasa la kwanza walitufundisha ba, be, bi, bo, bu, nasi tukafuata njia hiyo: ganda la konokono lilikuwa ba na nduguze, mbegu ilikuwa ma na nduguze, kikonyo ta. Jani dogo lililoota kando ndilo lililokuambia ni ndugu yupi. Likitazama juu ni a, chini ni e, kulia ni i, kushoto ni o. U haikupewa jani, maana Zuhura alisema u ni sauti ya uvivu. Tuligombana upande wa kuanzia, yeye akitaka kulia na mimi kushoto, mpaka mama mdogo akachora mtambaa, mmea mmoja mrefu wa kutambaa uliopinda unavyotaka, akaning'iniza herufi zetu juu yake kama maua.

"Mmea unasomwa kuanzia mzizini," akasema. "Mzizi ukiwa upande wa Zuhura, tutaanzia kwa Zuhura. Ukiwa upande wako, tutaanzia kwako."

Tatizo likabaki moja. Kiswahili kilikuwa na herufi zake tayari, Kiarabu vivyo hivyo, na Kingoni chenyewe mimi na Zuhura tulikijua cha kuombea maji tu, tena yeye nyumbani kwao walisema Kiyao. Tulikuwa na herufi zisizo na lugha. Watu wengine, nadhani, hutunga lugha kisha wakaitafutia maandishi. Sisi tulitunga lugha kwa kuyaonea huruma maandishi yetu, kama unavyozaa mtoto kwa sababu umeshanunua beleko. Tukaiita Kipindo, kwa ajili ya pindo la shuka.

Kipindo kilikuwa na maneno ya mambo tuliyoyahitaji. Zozo ni mama akiwa amekasirika. Shishili ni chai yenye sukari inayotosha. Fufuti ni mvua inayoonekana Matogoro lakini haijafika kwetu. Bibiru ni "nini". Kila mmoja alikuwa na jina: Zuhura alikuwa Bobo, mama mdogo Liliti, na mimi Titiri, kwa sababu Truda alisema sijawahi kukaa mpaka kiti kikapata joto. Na wakati ulisemwa kwa macho. Ukifumba jicho moja, jambo limeshapita. Ukifumba yote mawili, jambo bado halijaja. Macho yakiwa wazi, ni sasa hivi. Mama akitukuta tumekaa watatu dirishani tunakonyezana na kusema "zozo, zozo," alikuwa anasonya na kumwambia bibi kwamba mtoto wake mkubwa alizaliwa na akili na huyu mdogo akazaliwa na watoto.

Hatukuwa na neno la kuondoka. Hatukulikataa, halikutujia tu. Nani angeondoka?

Kisha akaja Ignas. Alikuwa mkulima wa tumbaku kutoka Namtumbo, mpole, mwenye masikio makubwa na suruali iliyopigwa pasi kwa uchungu. Alikuja kwanza kuagiza foronya za dada yake, akarudi kuuliza kama foronya ziko tayari wakati alishazichukua, na mara ya tatu alikuja na mshenga. Mama mdogo Truda akaanza kuimba akipiga pasi. Sikupenda wimbo ule. Namtumbo ya leo ni mwendo mfupi wa lami, lakini kwa umri wetu ilikuwa nje ya ramani.

"Akienda, Kipindo kimekufa," Zuhura alisema. Tulikuwa nyuma ya jiko la nje, tunatazama mafiga ambayo bibi alikuwa amebandikia maharage. Zuhura akaligusa moja kwa kidole cha mguu. "Sisi ni haya. Toa moja uone chungu."

Tulitaka kumwambia abaki. Tungeweza kumwambia kwa Kiswahili, lakini Kiswahili kila mtu alikuwa anakitumia kumwambia mambo: kaa hivi, punguza kucheka, utakuwa mke wa mtu. Tukaona tumwambie kwa lugha ambayo hana wa kumsaidia kuijibu. Ndipo tukagundua hatuna neno. Tukalitunga pale pale, kwa haraka, moshi ukitutoa machozi. Zuhura alitaka liwe zito, litue kama mzigo wa kuni.

"Gundidu," nikasema.

"Gundidu," akalijaribu mdomoni. "Limetua. Na ndani lina gundi."

Tukaliandika kwa herufi zetu, na kando yake tukaliwekea alama mpya kabisa: vifundo vitatu vimekizunguka kikonyo kilichojikunja, mafiga matatu na moto katikati.

Sasa kwetu bibi harusi hashiki sindano kwenye shuka lake mwenyewe. Mama alilishika jambo hilo kama amri ya Mungu, kwa hiyo kazi ya kutoboa ikakosa mtu, nasi tukajitolea kwa upole uliopaswa kumtia mashaka. Tulichora mtambaa wa kuzunguka shuka zima, na kwenye mtambaa tukaandika: Liliti, gundidu. Liliti, gundidu. Kutoka mzizini mpaka ncha ikarudi kukutana na mzizi. Mama akaisugua karatasi kwa mafuta ya taa na buluu, akainua, akatazama kwa muda mrefu.

"Hili ua la mafiga mmelitoa wapi?"

"Tumelibuni, mama."

"Zuri," akasema. Mama alikuwa hasemi neno hilo ovyo. Akachomoa uzi mwekundu.

Mama alikuwa na msemo wake wa kazi: ukikosea kwa kalamu utafuta, ukikosea kwa uzi utaishi nao. Alikuwa anatuonya tuwe makini. Mimi nilielewa kwamba kinachodariziwa lazima kitimie. Kila jioni nilihesabu maendeleo ya ule mtambaa kama mtu anayetazama ukuta wa gereza ukipanda, na furaha yangu ilikuwa kubwa, maana ndani ya gereza lile nilimwona Truda akiwa dirishani, milele, miguu imezuia mlango.

Siku ya kumuaga, uani kwetu kulikuwa na turubai, sufuria kubwa za kuazima na wanawake wa pande mbili. Upande wa Namtumbo uliongozwa na shangazi yake Ignas, mama mnene wa kilemba cheupe aliyeongea kama mtu mwenye haki ya kukatiza mahubiri. Mama mdogo alitolewa ndani amefunikwa khanga mbili, akaketishwa mkekani. Desturi ilikuwa kwamba bibi harusi anayeagwa hasemi. Akilia ni vizuri, akinyamaza inatosha, lakini sauti yake isisikike mpaka afike kwa mume. Mimi na Zuhura tulibanwa mstari wa mbele kati ya magoti ya wakubwa.

Zawadi zikaonyeshwa moja moja kwa vigelegele. Shuka likaja mwisho. Wanawake wanne wakalishika pembe, wakalitandaza hewani, na ule mtambaa mwekundu ukazunguka kwenye jua. Khanga ya juu ikasogea kidogo, nikaona jicho la mama mdogo. Lilianza mzizini. Nililiona likitembea, likafika kwenye jina lake, likatabasamu, likaenda mbele. Likakwama. Likarudi nyuma, likaja tena, likakwama pale pale.

Tulikuwa tumesahau jambo moja. Neno tulilitunga bila yeye. Hakuwahi kufundishwa.

Nadhani alisahau alipo. Mtu aliyezoea kuuliza huuliza. Kutoka chini ya khanga, kwa sauti kubwa na safi, kwenye kimya kile cha heshima, bibi harusi akasema:

"Titiri! Gundidu bibiru?"

Shuka likashuka pembe moja.

"Kasemaje?" mtu akanong'ona.

"Kanena!" Hiyo ilikuwa sauti ya mama Klemensia, jirani yetu wa kikundi cha karismatiki, na mikono yake ilikuwa tayari juu. "Bwana asifiwe! Roho kashuka! Bibi harusi kanena kwa lugha!"

Akaanzisha wimbo wa sifa. Wanawake watatu wa kikundi chake wakaupokea, mmoja akipiga mfuniko wa sufuria. Mama yangu akajishika kichwa. Truda akatambua alichofanya, akaivuta khanga mpaka kifuani, na kunyamaza kwake kukazidisha mambo, maana sasa alionekana kama mtu aliyetembelewa na jambo likaondoka.

Shangazi wa Namtumbo hakuimba. Alichukua lile shuka mikononi mwa wanawake wanne, akaanza kulikunja.

"Roho ni mmoja, na sikatai," akasema. "Lakini mimi nimezika watu watatu walioanza hivi hivi, wakaishia kukimbia porini. Ndugu zangu wa Songea, kama mtoto ana pepo mngetuambia mapema. Tusingewachukia. Tungekuja na mganga badala ya mshenga."

"Pepo yupo kwenu Namtumbo," bibi akamjibu pale pale alipokaa, maana walikuwa watani tangu siku ya mahari. "Anavuta tumbaku yenu mbichi kabla haijafika banini kukaushwa."

Watu wachache wakacheka, lakini shangazi aliendelea kukunja. "Utani baadaye, mama. Sisi tutarudi kwanza nyumbani tukaulizane."

Zuhura alinibana mkono mpaka kucha zikaingia. "Limefanya kazi!" akaninong'oneza kwenye sikio. "Hawamchukui!"

Na ilikuwa kweli. Shuka lilikuwa limekunjwa mara nne, kesho Truda angekuwa dirishani. Kila tulichokiomba kwa uzi mwekundu kilikuwa kinatimia mbele ya macho yetu. Nikamtazama mama mdogo nipate kufurahi naye. Khanga ilikuwa haioneshi uso, ila chini ya kidevu palikuwa na doa la maji, linakua. Nikaukumbuka ule wimbo wake wa kwenye pasi. Nikaelewa kwa mara ya kwanza, na sikufurahia kuelewa, kwamba ulikuwa wimbo wake mwenyewe, haukuhusu sisi.

Nikasimama. Nikasogea mpaka mbele ya shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa chini, mtoto."

"Siyo pepo, shangazi. Ni Kipindo."

"Kipindo?" Akaacha kukunja. "Ndiyo kabila la wapi hilo?"

"La hapa kwetu. La dirishani."

Kicheko kikapita uani. Nikaeleza nilivyoweza, kwa kukimbia: lugha, majina, maua, macho. Nilimwonyesha kikonyo pale kwenye shuka, na jani linalotazama kulia. Shangazi akanisikiliza kwa uso wa mnunuzi wa mbuzi.

"Watoto mna uongo mtamu," akasema. "Wewe mwenye mwanya, njoo. Na wewe msemaji, nenda ukasimame nyuma ya jiko, uzibe masikio."

Nikaenda. Alimnong'oneza Zuhura jambo, na Zuhura akachukua kijiti akachora ardhini, akifuta hapa na pale kwa unyayo. Niliitwa. Nikauona mtambaa kwenye vumbi, mzizi ukiwa upande wa kulia kama alivyopenda yeye. Uani kote kulikuwa kimya, hata mfuniko wa sufuria. Nikasoma mara mbili, nikaogopa.

"Soma basi," shangazi akasema.

"Pameandikwa... shangazi anauliza, huyu bibi harusi wetu anajua kupika, au ndiyo hivyo tu miguu?"

Sikumbuki kama nimewahi tena kusikia uani pakilipuka vile. Mama Klemensia mwenyewe aliangukia bega la mtu wa Namtumbo. Bibi alisubiri kelele zipungue, akasema, "Mwambieni kupika hajui, lakini majani anasoma." Chini ya khanga mbili, mabega ya Truda yalikuwa yanaruka.

Shangazi alifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Kisha akalikunjua shuka, mkunjo kwa mkunjo, akaweka kidole juu ya mafiga matatu. "Na hapa? Hili lililomfumbua bibi harusi mdomo?"

Niliomba ardhi inisaidie. Haikunisaidia.

"Pameandikwa, Liliti, baki."

"Liliti nani?"

"Mama mdogo."

"Na nani anamwambia abaki?"

"Sisi," Zuhura akasema, akaja kusimama karibu yangu. "Mimi na huyu. Tulikuwa watatu."

Kicheko kilikufa chenyewe. Mama yangu alitazama kazi ya mikono yake, ule uzi mwekundu alioupitisha mwenyewe shuka zima, kisha akashika pindo lake. Shangazi, mwili wake wote ule, alijishusha polepole mpaka akakaa mkekani, akawa saizi yetu.

"Wajukuu zangu," akasema, "hili shuka litatandikwa wapi?"

"Kwa bwana harusi."

"Kwa bwana harusi ni wapi?"

"Namtumbo."

"Basi mmenisaidia sana. Kila usiku akilala kwetu, akiona kwetu hakumfai, akitaka kukimbia, shuka lenu litamwambia: Liliti, baki. Tena kote kote, hana pa kugeukia." Akatushika vichwa vyote viwili kwa mikono yake mikubwa. "Nilikuja kuchukua mke. Sikujua nitapewa na kufuli."

Vigelegele vikapasua turubai. Zuhura alinitazama, mdomo wazi. Tulikuwa tumefikiria kila kitu, herufi, uzi, vifundo, na hatukufikiria kwamba shuka linasafiri.

Mama mdogo aliondoka kesho yake, baada ya misa. Kabla hajapanda gari alituvuta ndani ya khanga yake, kwenye joto na harufu ya mafuta ya nazi, akataka tumfundishe lile neno vizuri. Tukamfundisha. Alilirudia mpaka likatua. Halafu akasema neno la kuondoka tusilitunge kamwe, lugha yetu haina haja nalo, na tukakubaliana hivyo.

Kipindo hakikufa, ila kilikonda. Zuhura ana duka la vitenge Songea mjini na hunitumia ujumbe wa sauti kwenye simu kwa lugha yetu, ambao ni shida kuuelewa, kwa sababu macho hayaonekani na huwezi kujua kama mvua anayoisema imenyesha au anaitamani. Ua la mafiga lenyewe lilienea. Wanawake wa Namtumbo walilipenda, wakalinakili kwenye mashuka, vitambaa vya makochi, hata pazia la sakristia. Nikipita huko na kuona kamba za nguo, mimi ndiye msafiri pekee anayesikia nguo zinapiga kelele. Shangazi alipofariki, mzee sana, aliacha maagizo alazwe na foronya moja yenye ua lile.

Basi kutoka kwenye ile ndoo ya Tunduma nilipiga simu.

"Haloo?"

"Liliti."

Ilikuwa sauti ile ile ya dirishani. "Titiri! Safari hii uko nchi gani?"

Nikaenda kumwona. Ana wajukuu sasa, na miguu yake bado inazuia mlango. Ignas masikio hayajapungua; alinipokea mzigo akauliza, kwa heshima, nitakaa mpaka saa ngapi, kwa maana katika miaka yote nimefika kwao mara nyingi na sijawahi kulala usiku wa pili. Walinitandikia shuka jipya, mtambaa mwekundu kote kote. Lile la kwanza lilichakaa, likawa beleko, likawa nepi, likawa dasta. Jina kwenye hili halikuwa Liliti. Nililisoma kuanzia mzizini, nikalisoma tena, nikazima taa haraka.

Asubuhi simu yangu ikaita kabla ya chai. Ni msimamizi wa kambi mpya, upande wa Mpanda, jiko linanisubiri, wanataka nifike kesho. Nikasema nitampigia. Nikatoka na begi langu mpaka kizingitini, pale ambapo ile miguu ilikuwa imenyooshwa, nikaiomba radhi kama zamani.

Mama mdogo hakuisogeza. Alikuwa anatoboa karatasi, tik, tik, kopo la mafuta ya taa na buluu kando yake. Akachomeka sindano kwenye mkono wa gauni, akainua uso, akafumba macho yote mawili kama mtu anayesema jambo ambalo bado halijaja, na pengine halitakuja.

"Titiri," akasema. "Gundidu."

Nikaliweka begi chini. Nikasubiri mpaka afumbue, ili anione vizuri.

"Gundidu," nikamjibu, macho yangu yote yakiwa wazi.